Kisangani: Kabla ya kumtafuta mwizi wa mafuta, tupime kwanza matangi

Esansi na mazutu yanayofika Kisangani hupimwa mara nyingi njiani, na hesabu za anayetuma na anayepokea mara nyingi hazipatani. Dereva analaumiwa, mwenye depo analaumiwa, na mwisho wa yote mnunuzi ndiye anayelipa. Uchambuzi huu unatazama jambo ambalo halizungumzwi sana katika ugomvi huo: vyombo vyenyewe vya kupimia, namna vinavyokosea, na nani anapaswa kuvihakiki.

Mwendesha moto wa Mangobo akinunua esansi kwa Kadhafi pembeni ya barabara, haulizi cheti. Anatazama chupa. Ni chupa ya lita moja, anaijua tangu utoto, na mafuta yanafika shingoni au hayafiki. Yakipungua anasema hapo hapo. Kadhafi anaongeza, au wanaachana. Watu wengi mjini wanamdharau Kadhafi, lakini kipimo chake kina sifa moja kubwa: muuzaji na mnunuzi wanaona kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Ukitoka kwenye chupa hiyo kwenda kwenye pompa ya stesheni, kutoka kwenye pompa kwenda depo, na kutoka depo kwenda kwenye chombo kilicholeta mafuta, uwazi huo unapungua hatua kwa hatua. Kwenye pompa bado unaona namba. Kwenye tangi kubwa la chuma hakuna anayeona kitu. Kuna fimbo au utepe unaoshushwa kutoka juu, au kifaa cha umeme kinachoonyesha kina cha mafuta kwenye kioo. Anayesoma ni mmoja, wengine wanaandika anachosema.

Njia mbili ndefu, vipimo vingi

Kisangani iko mahali ambapo safari ya meli kutoka Kinshasa inaishia, kwa sababu maporomoko ya Wagenia yanaziba mto. Kutoka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700 za mto, na majahazi ya mafuta yanaweza kuchukua wiki kadhaa kupanda. Njia nyingine ni ya mashariki. Mafuta yanashuka melini Mombasa, yanapita kwenye bomba hadi Eldoret au Kisumu nchini Kenya, yanapakiwa kwenye malori, yanavuka Uganda, yanaingia Kasindi, kisha yanafuata barabara ya taifa namba 4 kupitia Beni, Komanda, Nia-Nia na Bafwasende hadi mjini.

Hesabu mara ngapi mafuta hayo yanapimwa. Yanapimwa yakipakiwa, yanapimwa mpakani kwa ajili ya ushuru, yanapimwa yakimwagwa deponi, yanapimwa yakitoka deponi kwenda stesheni, na yanapimwa tena kwenye pompa. Kila mahali kuna chombo tofauti, mtu tofauti na joto tofauti. Hata kama hakuna aliyeiba tone moja, namba hizo tano haziwezi kuwa sawa. Swali ni tofauti ya kiasi gani inakubalika, na inapozidi hapo, nani anaibeba.

Kwa sasa, anayeibeba ni yule asiye na nguvu ya kubisha. Dereva anakatwa mshahara wake kwa lita ambazo huenda hazikupotea popote. Mwenye stesheni ndogo anakubali upungufu kwa sababu akikataa, mzigo utaenda kwa mwingine. Naye, ili asipate hasara, anatafuta namna ya kuirudisha kwa mteja.

Sentimita moja, lita elfu moja na zaidi

Chukua tangi la depo lenye upana wa mita 12, umbo la mviringo. Si tangi kubwa sana. Ndani yake, kila sentimita moja ya kina ni lita 1,131. Milimita moja tu ni lita 113. Mpimaji akikosea milimita 5, unene ambao ukucha wa kidole unaweza kuuficha, amekosea lita 565. Afanye hivyo kila mara mzigo unapoingia, na mwisho wa mwaka kutakuwa na hasara ambayo hakuna mkaguzi atakayejua ilikotoka.

Lakini kina peke yake hakitoshi. Ili kina kigeuzwe kuwa lita, kila tangi lina jedwali lake, ambalo mafundi wetu wanaliita baremu. Linasema: kwenye sentimita 100 kuna lita hizi, kwenye sentimita 101 lita hizi. Jedwali hilo linatengenezwa kwa kuzungusha utepe wa chuma kwenye kila pete ya mabati ya tangi, au kwa mionzi ya leza, au kwa kujaza maji yanayopita kwenye mita iliyohakikiwa. Linapokamilika linakuwa sahihi kwa tangi lile, katika hali ile.

Tangi halibaki katika hali ile. Udongo wa kando ya mto unalegea na tangi linainama upande mmoja. Sakafu yake inabonyea. Matope na kutu vinajaa chini. Fundi anakata bati na kuweka lingine. Ndiyo maana desturi ya kazi hii duniani ni kupima tangi upya baada ya miaka kadhaa, mara nyingi isiyozidi kumi na kitu, na kila linapofanyiwa matengenezo makubwa. Depo inayotumia baremu ya siku tangi lilipojengwa inauza kwa kipimo cha tangi ambalo halipo tena.

Kifaa cha umeme hakiponyi ugonjwa huo. Rada iliyofungwa juu ya tangi inapima umbali kutoka paani hadi usoni mwa mafuta. Kifaa cha kuelea kinafuata uso wa mafuta. Kifaa cha shinikizo kinapima uzito wa mafuta yaliyo juu yake. Vyote vitatu vinaleta kina tu; lita bado zinatoka kwenye baremu. Tena kila kimoja kina njia yake ya kukosea: rada inadanganywa na povu, cha kuelea kinakwama kwenye uchafu, cha shinikizo kinadhani mafuta yana uzito uleule siku zote. Kuvihakiki ni kazi ya mikono: kushusha utepe wa chuma wenye cheti mara tatu, kwenye kina kidogo, cha kati na kikubwa, na kuona kama kifaa kinasema yaleyale.

Kwenye jahazi ugumu unazidi, maana chombo hakikai sawasawa. Kikilalia nyuma, mafuta yanakimbilia nyuma, na fimbo inayoshushwa mbele inasema kuna kidogo. Pia maji yanaweza kuingia na kukaa chini ya mafuta. Asiyepaka fimbo dawa ya kuonyesha maji atayahesabu kama mazutu.

Joto linaweza kumficha mwizi

Sababu ya pili ya ugomvi ni joto. Esansi ikipata joto inatanuka, karibu sehemu moja kwa elfu kwa kila digrii moja. Mazutu yanatanuka kidogo chini ya hapo.

Tufanye mfano. Lori linapakia lita 40,000 za esansi Eldoret, mji wa mlimani wenye baridi, mafuta yakiwa na digrii 20. Linafika Kisangani mafuta yakiwa na digrii 30. Bila mtu kuongeza kitu, sasa ndani ya lori kuna lita 40,400 hivi. Ni mafuta yaleyale, yenye nguvu ileile ndani ya injini, lakini yamevimba.

Sasa fikiria kwamba njiani, usiku, mtu amefyonza lita 300. Lori linafika na lita 40,100. Mpokeaji anasoma, anaona zimezidi zile 40,000 za kwenye karatasi, anafurahi na kusaini. Wizi umefanyika na hesabu inaonyesha faida.

Mfano wa pili ni wa kinyume. Lori limepakia mchana kwenye depo yenye jua kali, mafuta yakiwa na digrii 34, na linamwaga alfajiri baada ya mvua ya usiku kucha, mafuta yakiwa na digrii 27. Lita 280 zimepungua. Dereva hakugusa kitu, lakini ataitwa mwizi.

Dawa inajulikana. Biashara ya mafuta duniani inahesabu lita kama zingekuwa kwenye digrii 15. Mpimaji anachukua joto la mafuta na uzito wake, anatazama jedwali, anapata lita za digrii 15. Hapo lori la kwanza linaonekana limepungukiwa, na la pili linaonekana halina kosa. Kinachohitajika ni kipimajoto kilichohakikiwa, chombo cha kupimia uzito wa mafuta, na karatasi ya kupokea mzigo ambayo ina nafasi ya kuandika joto. Karatasi isiyo na nafasi hiyo inamwachia mwizi mlango wazi na inamfungia dereva mwaminifu.

Mawese, kimea na kilo tatu zinazopotea kwa kila tani

Mafuta ya gari siyo pekee. Tshopo ni jimbo la mawese. Shamba la Lokutu, katika eneo la Basoko, ni moja ya mashamba makubwa ya kampuni ya PHC, ambayo mizizi yake inatoka kwenye kampuni ya Lever iliyoanza Kongo mwaka 1911. Mawese yanauzwa kwa tani, lakini ndani ya tangi yanapimwa kwa kina. Kwenye digrii 50, lita moja ya mawese ina uzito wa gramu 890 hivi. Yakipoa inakuwa nzito zaidi, na yakipoa sana yanaanza kuganda. Anayegeuza kina kuwa tani bila kupima joto anaweza kukosea tani nyingi kwenye jahazi moja.

Viwanda vingine vinapima kwa uzito moja kwa moja. Kiwanda cha bia kinahitaji kujua kilo za kimea zinazoingia kwenye kila mpiko. Kiwanda cha sabuni kinahitaji kujua uzito wa mafuta na soda. Chini ya miguu ya tangi au ghala la nafaka huwekwa vipande vya chuma vyenye waya mwembamba sana uliogandishwa juu yake. Mafundi wanaviita kapta za uzito. Tangi likijaa, chuma kinabanwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, waya unabanwa nacho, na umeme unaopita unabadilika. Kwa kapta nyingi, tangi likijaa kabisa badiliko lote ni milivolti 20 au 30 tu. Unyevu ukiingia kwenye kisanduku cha waya, radi ikipiga karibu, au bomba gumu likibeba sehemu ya mzigo wa tangi, namba inapotoka. Katika mji wenye mvua nyingi kama Kisangani, hayo ni mambo ya kila mwaka.

Kuna kosa lingine ambalo wanunuzi wengi wa mashine hawalijui. Kapta haipimi kilo. Inapima jinsi dunia inavyouvuta mzigo, na dunia haivuti sawa kila mahali. Karibu na ikweta mvuto ni mdogo kuliko Ulaya, kwa sababu dunia imevimba katikati na inazunguka. Kisangani iko nusu digrii tu kutoka ikweta. Mizani ya kapta iliyorekebishwa Brussels, ikifungwa Kisangani bila kurekebishwa tena, itaonyesha pungufu ya kilo 3 na kitu kwa kila tani. Kwa mzigo wa tani 20 ni kilo 66 hivi.

Nani anapoteza kilo hizo? Mizani ikiwa ya kiwanda kinachonunua, anapoteza mkulima aliyeleta vichikichi vyake au mpunga wake. Haibiwi na mtu. Anaibiwa na cheti kilichosainiwa kilomita elfu kadhaa kutoka hapa, kinachosema mashine ni sahihi. Na cheti hicho ni cha kweli, ila kwa mahali kilipoandikwa.

Marekebisho hufanyika papo hapo, kwenye mizani ilipofungwa. Fundi anahitaji mawe ya chuma yenye uzito uliohakikiwa. Kwa tangi la tani 20 hahitaji tani 20 za mawe. Anaweka tani moja ya mawe, anasoma, anayaondoa, anajaza maji hadi kioo kisome namba ileile, anarudisha mawe juu, na hivyo hivyo hadi tangi lijae. Maji ya mto hayanunuliwi. Asisahau tu kwamba kwenye digrii 30 lita 10,000 za maji hazifiki kilo 10,000. Ni kama kilo 9,957.

Swali la serikali

Nchini kwetu kazi ya kuhakiki vipimo iko mikononi mwa Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, iliyoanzishwa mwaka 1974. Bei ya esansi inapangwa na Wizara ya Uchumi. Ushuru wa mafuta na wa bia unakusanywa na DGDA. Mfuko wa kutengeneza barabara, FONER, ulioundwa mwaka 2008, unalishwa na ada inayotozwa kwenye mafuta. Taasisi hizo zote zinategemea namba moja: lita. Lita isiyohesabiwa vizuri ni ushuru uliopotea, na ni jiwe ambalo halikuwekwa kwenye mashimo ya barabara ileile iliyoleta mafuta.

Wenzetu wa mashariki waliwahi kuonjeshwa uchungu huo hadharani. Mwezi wa Februari 2016, Waziri Mkuu wa Tanzania, Kassim Majaliwa, alifika Kigamboni kwenye mita za mafuta za bandari ya Dar es Salaam. Aliuliza kwa nini mita hizo zilikuwa zimekaa miaka bila kutumika, huku mafuta ya melini yakiendelea kupimwa kwa fimbo ndani ya matangi. Kiongozi wa Wakala wa Vipimo alisimamishwa kazi. Mjadala wa vipimo ukatoka kwa mafundi ukaingia kwa wananchi.

Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na jumuiya hiyo ina sheria ya mwaka 2006 inayohusu viwango, vipimo na uhakiki. Kwa mji unaopokea malori kutoka Kenya, hiyo si habari ya mikutano ya mabalozi tu. Cheti cha tangi la lori kilichotolewa Kenya au Uganda kinapaswa kusomeka na kuaminika Kasindi na Kisangani, na cha Kisangani kiaminike kule. Vinginevyo kila mpaka utaendelea kupima upya na kugombana upya.

Wapo watakaosema: ninyi mnaongea milimita, wakati tatizo ni wezi. Wizi upo. Lakini kila mwizi anayekamatwa leo ana jibu tayari mdomoni: ni joto, ni fimbo, ni jahazi limeinama. Na hakimu hana namna ya kumjibu, kwa sababu mara nyingi anaweza kuwa anasema kweli. Kipimo kikihakikiwa, jibu hilo linaisha. Asiye na hatia anapata ushahidi wake, na mwenye hatia anabaki bila pa kujificha.

Wengine watasema ni gharama. Ni kweli kwamba kupima tangi upya kunasimamisha kazi na kunahitaji mafundi. Lakini hasara inalipwa hata sasa. Inalipwa kidogo kidogo, na watu wasiopewa risiti.

Mambo manne yanayowezekana

La kwanza, kila tangi la depo, kila pompa na kila mizani ya kununulia mazao iwe na kibandiko kinachoonekana: tarehe ya uhakiki wa mwisho, tarehe ya ujao, na jina la ofisi iliyohakiki. Mwendesha moto asiyejua kusoma baremu anajua kusoma tarehe.

La pili, gavana na wafanyabiashara wa mafuta wakubaliane kwamba hakuna mzigo unaopokelewa Kisangani bila joto kuandikwa na lita kugeuzwa kuwa za digrii 15, na dereva apewe nakala.

La tatu, mizani yoyote ya kapta inayoingia Tshopo irekebishwe hapa hapa kabla ya kununulia mazao ya mkulima, hata kama ina cheti cha Ulaya.

La nne, mawe ya kupimia, mita za maji na tepe zenye cheti ziwe karibu, na vijana wafundishwe kuzitumia. Chuo Kikuu cha Kisangani kipo tangu mwaka 1963, na hesabu zilizotajwa hapa hazimshindi mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa kwanza. Mji ambao kila kosa la kipimo linasubiri fundi kutoka Kinshasa utaendelea kuishi na makosa yake.

Hayo hayatashusha bei ya esansi kesho asubuhi. Bei inategemea dola, barabara, usalama wa njia ya Beni na kina cha maji ya mto. Lakini yatampa mnunuzi wa Kabondo au wa Lubunga, mbele ya pompa na nyuma yake hadi deponi, kile anachokipata kwa Kadhafi: kuona mwenyewe kwamba lita ni lita.